Siyo Dawa, ni Majani tu

Daktari alipopandisha mkono wa baibui la mama ili afunge kipimo cha presha, sote watatu tuliona kwa pamoja. Madoa ya zambarau, mapana kama sarafu ya shilingi mia mbili, matano au sita, yamepanda kutoka karibu na kiganja mpaka kiwikoni.

"Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Umejigonga mahali?"

Mama akauangalia mkono wake kama mtu anayeonyeshwa kitu cha jirani. "Labda mlango."

Daktari akafunua faili. "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia, zaidi ya hizi tulizokuandikia?"

"Hapana, mwanangu. Ni hizo hizo."

Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, mkoba wake mapajani mwangu. Ndani ya mkoba ule kulikuwa na chupa ya vidonge vya kumbukumbu niliyomnunulia mimi mwenyewe, ya tatu ndani ya miezi mitano. Nilisikia swali, nikasikia jibu, na kwa muda nisioweza kuukadiria sikuona kasoro yoyote.

Kisha nikasema, "Daktari, kuna na vidonge vingine."

Mama akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa ameshangaa kweli. "Vile? Vile si dawa. Si wewe uliniambia ni majani tu?"

Ni wiki saba sasa. Sentensi hiyo haijanitoka.

Kilichonipeleka Kariakoo

Mama ana miaka 71. Kwa zaidi ya miaka 30 aliuza kanga Ngamiani, Tanga, nyingi kwa mkopo, na hakuwahi kuwa na daftari. Alijua fulani kachukua doti ngapi, mwezi gani, kalipa mara ngapi, na kanga yenyewe ilikuwa na jina gani. Mteja akibisha, mama anamtajia lile jina la kanga herufi kwa herufi, mteja anacheka, analipa.

Mwaka jana akaanza kuuliza swali moja mara tatu kabla chai haijapoa. Akaunguza maharage mara mbili ndani ya wiki. Mdogo wangu, anayeishi naye, alikuwa akinisimulia kwa simu huku anacheka, na mimi nacheka naye. Uzee huo, tukasema.

Niliacha kucheka siku ya Idi. Nilikuwa nimekwenda Tanga, na mteja wake wa zamani akaja kulipa deni. Akatoa noti ya elfu kumi, arudishiwe elfu tatu. Mama alisimama na pesa mkononi muda mrefu mno. Akazigeuza. Akazihesabu upya. Halafu akanitazama, akasema polepole, "Mpe wewe."

Nilirudi Dar es Salaam na hilo "mpe wewe" kifuani.

Jumatatu yake niliingia duka moja Kariakoo, yale ya virutubisho na mitishamba iliyofungwa kisasa. Muuzaji alikuwa kijana mpole. Aliniuliza nani ana shida, nikasema mama, akasema pole dada, na ilionekana anamaanisha. Akashusha chupa yenye picha ya ubongo unaong'aa kama taa. Shilingi 65,000. "Haina madhara, dada. Ni majani tu." Hakuniuliza mama anameza nini kingine. Simlaumu sana kwa hilo, maana mimi ndiye niliyejua kwamba mama ana sukari na presha, na mimi ndiye niliyelipa nikaondoka.

Nimejiuliza mara nyingi siku ile nilikuwa nanunua nini hasa.

Nadhani nilikuwa nanunua ruhusa ya kutokwenda hospitali. Hospitali kuna jibu, na jibu nililoliogopa nilikuwa nalijua jina lake: demensia, maradhi ya ubongo yanayomla mtu kumbukumbu na akili. Kule wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kuwapima wazee wa miaka 70 na zaidi vijijini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa, kwa hesabu iliyosawazishwa kwa umri, kama wazee 6 katika kila 100 walikuwa nayo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 57 duniani kote mwaka 2021, zaidi ya nusu yao katika nchi kama zetu. Namba hizi nilizijua kabla sijaingia dukani. Nilipita katikati yake nikiwa nimeinamisha kichwa.

Neno lenyewe

Turudi kwenye chumba cha daktari, maana hapo ndipo jambo hili linaponiuma zaidi.

Mama hakudanganya. Nimelipima jibu lake kila upande na sioni uongo.

Lugha yetu ni karimu sana na neno dawa. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya nywele. Dawa ya moto ni moto, na dawa ya deni kulipa. Bibi yangu alipotuchemshia mwarobaini hakusema anatuchemshia majani, alisema njooni mnywe dawa. Lakini mtu akishaingia hospitali, neno hilo hilo linasinyaa. Dawa ni kile kilichoandikwa na daktari, kikatolewa dirishani, kwenye bahasha ndogo yenye 1 x 2. Vilivyobaki vyote vinapewa majina mengine: lishe, virutubisho, kinga, mitishamba, majani. Vina majina ya upole, na kwa upole huo vinapita bila kuulizwa.

Na hata chupa yenyewe inasema hivyo. Nilipofika nyumbani siku ile niliigeuza, nikapiga picha maandishi ya nyuma kwa simu ili niyakuze. Mbele imeandikwa habari za kumbukumbu na ubongo imara. Nyuma, kwa herufi ndogo kuliko za tarehe ya mwisho wa matumizi, wameandika kwamba bidhaa hii haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Ni kauli inayotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1994, iliyoviweka virutubisho upande wa chakula, mbali na dawa. Mtengenezaji halazimiki kuthibitisha kwamba kidonge kinafanya kazi kabla ya kukiuza.

Kwa hiyo mama alikuwa amesema kile kile kilichoandikwa nyuma ya chupa. Siyo dawa.

Chini ya kauli ile kulikuwa na orodha ya majani manane, na mbele yake neno "mchanganyiko maalumu", miligramu 500 kwa jumla. Kila jani ni kiasi gani, hawasemi. La kwanza lilikuwa ginko. La pili bakopa, ambalo Wahindi hulitumia tangu zamani kwa ajili ya akili. La saba lilikuwa St. John's wort, jina lililopita machoni mwangu bila kunigutusha.

Lilimgutusha daktari.

Mfuko mezani

Alitupangia Ijumaa iliyofuata, akatupa kazi moja. "Mama, njoo na mfuko. Kila kitu kinachopita mdomoni ambacho si chakula, kitie humo. Cha hospitali, cha dukani, cha shambani, cha jirani. Hata majani."

Ijumaa mama alimwaga mfuko ule mezani, na nikaona maisha yake ambayo sikuyajua.

Kulikuwa na vidonge vya presha. Metformini ya sukari, ambayo ameitumia karibu miaka tisa. Aspirini ndogo ya miligramu 75. Chupa yangu. Unga wa mlonge ndani ya kopo la siagi. Habasoda ndani ya karatasi. Tangawizi kavu. Na chini kabisa karatasi nne za Piriton, mbili zimekwisha.

"Hizi za nini, mama?"

"Za usingizi. Nikimeza moja kila usiku, nalala."

"Tangu lini?"

Mama akafikiri. "Tangu baba yao afariki."

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Nilikuwa sijui kwamba mama hapati usingizi.

Daktari alivitenga vitu vile mafungu mafungu, bila haraka, na akaeleza huku anatenga. Habasoda na tangawizi ya kwenye chai akavirudisha kwa mama papo hapo, akamwambia endelea. Mlonge akasema aendelee pia, ila apime sukari mara nyingi zaidi. Aliishika chupa yangu, akasoma nyuma, akaweka kidole kwenye lile jani la saba. Akasema hili linaliamsha ini liunguze dawa nyingine haraka kuliko inavyotakiwa. Dawa za presha kama za mama zinaweza kupungua nguvu. "Mama angekuwa anatumia ARV, au dawa ya kuzuia damu kuganda, hapa tungekuwa tunaongea kitu kingine kabisa." Alisema hilo akinitazama mimi.

Kuhusu madoa alikuwa mwaminifu kuliko nilivyotaka. Ginko ina vitu vinavyopunguza kushikamana kwa chembe za damu. Aspirini nayo kazi yake ni hiyo hiyo. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na aspirini peke yake inatosha kuleta madoa kama yale. "Siwezi kukwambia ni vidonge vyako. Siwezi kukwambia sivyo."

Nilitaka anihukumu. Hakunipa hata hilo.

Halafu akafika kwenye Piriton, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Dawa hizi za zamani za mafua na mzio, alisema, zinaziba kemikali moja ya ubongo, asetilikolini, ambayo kumbukumbu inaitegemea. Kijana akimeza anasinzia tu. Mzee akimeza kila usiku kwa miaka, anaweza kuwa na ukungu kichwani mchana kutwa. Na dawa zinazotolewa hospitalini kwa ugonjwa wa Alzheimer, ambao ni aina moja ya demensia, zinafanya kinyume chake: zinailinda kemikali hiyo hiyo isiishe.

Mama alikuwa anameza kidonge cha kumbukumbu asubuhi, na usiku anameza cha kuifunika.

Kilichobaki mezani kilikuwa metformini. Dawa nzuri, akasema, na hataki aiache. Lakini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na B12 ikipungua mtu anasahau, anachoka, miguu inakufa ganzi. Mama ana ganzi ya miguu mwaka wa pili huu. Sote tulisema ni sukari.

Hakuna aliyewahi kuipima.

Njiti za kiberiti

Kabla hatujaondoka alimpa mama mtihani. Nilidhani ataandikishwa, nikaona aibu kwa niaba yake, maana mama aliishia darasa la nne. Badala yake daktari alitoa njiti za kiberiti, akazipanga mezani kwa umbo fulani, akazivuruga, akasema, "Nipangie vile vile." Akamwambia amtajie wanyama wote anaowakumbuka kwa dakika moja. Vipimo vya namna hiyo viliandaliwa hapa hapa nchini, kule Hai, kwa ajili ya wazee ambao kalamu si chombo chao.

Mama alianza na ng'ombe na mbuzi, akaenda punda, akanyamaza. Nikawa namtajia moyoni: kuku, paka, simba. Kisha akasema "kima", akatabasamu, na wakafuatana kama wanatoka zizini.

Njiti alizipanga sawasawa, isipokuwa moja.

Nilichosoma usiku

Wiki zile sikulala vizuri. Nilisoma.

Nilianza na ginko kwa sababu ndiyo iliyoongoza orodha, na kwa sababu nilitaka kukuta kwamba nilifanya jambo la maana. Ni mti wa China, mkongwe ajabu, majani yake kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Baadhi ya miti hiyo ilinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945 na ikachipua tena. Unaposoma habari kama hiyo ukiwa na mzazi anayesahau, unataka sana kuamini.

Kisha nikakuta utafiti mkubwa wa Marekani. Watu 3,069, wengi wao wa miaka 75 na zaidi. Nusu walipewa miligramu 120 za ginko mara mbili kwa siku, nusu vidonge vitupu vinavyofanana navyo, na hakuna aliyejua anameza kipi. Walifuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Waliopata demensia upande wa vidonge vitupu walikuwa 246. Upande wa ginko, 277.

Nilizisoma namba zile nikarudia. Tofauti ile haitoshi kusema ginko ilileta ugonjwa, na watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Lakini kinga niliyokuwa nimeilipia mara tatu haikuwepo. Wafaransa nao walijaribu kwa watu 2,854 wa miaka 70 na zaidi, kwa miaka mitano, wakachapisha mwaka 2012. Nao hawakuiona.

Katika utafiti ule wa Marekani kulikuwa na mstari mmoja kuhusu kiharusi cha kuvuja damu: watu 16 upande wa ginko, 8 upande wa pili. Ni wachache mno kujenga hukumu juu yao. Sikuweza kuusahau hata hivyo, nikifikiria ule mkono.

Upande wa faida sitaki kuuficha. Kwa watu ambao tayari wana demensia, hasa wenye kuhangaika na kukosa utulivu, majaribio kadhaa ya muda wa kama miezi sita yamekuta nafuu ndogo kwa dondoo la ginko, yaani kiini kilichokamuliwa kwenye majani yake, lililopimwa vizuri, miligramu 240 kwa siku. Mengi ya majaribio hayo yalilipiwa na watengenezaji. Bakopa nayo ina majaribio madogo ya wiki 12 ambamo watu walikumbuka maneno vizuri zaidi kidogo, na wengine wakaumwa tumbo. Hizo ni habari za dondoo moja lenye kipimo kinachojulikana. Chupa ya mama ilikuwa na majani manane na kipimo cha siri.

Na kama yalikuwemo kweli. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alitangaza kuwa virutubisho vingi vya mitishamba vilivyopimwa, vikiwemo vya ginko, havikuonyesha vinasaba vya mmea ulioandikwa. Wanasayansi wengine wakapinga, wakasema mmea ukishakamuliwa na kuchujwa vinasaba huharibika, kwa hiyo kipimo kile hakifai. Huenda walikuwa na haki. Mimi nilibaki na swali langu la nyumbani: kama huko kwenye maabara zote wanabishana, mimi nilikuwa nasoma nini pale dukani zaidi ya picha ya taa?

Asili

Kuna watu watasoma mpaka hapa waseme nimegeuka, nawadharau waganga na miti yetu. Siwadharau. Dawa mseto iliyowaponya watoto wangu malaria imetokana na jani, pakanga, na mwanasayansi Tu Youyou wa China alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Galantamini, mojawapo ya zile dawa zinazoilinda asetilikolini, ilipatikana kwanza kwenye ua dogo jeupe la Ulaya. Pale Muhimbili kuna taasisi nzima ya tiba asili, kazi yake ilianza mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2002. Mti una nguvu. Ninachosema ni kwamba chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia, na hili sisi watu wa Pwani hatukupaswa kufundishwa na mtu.

Nani kwetu asiyejua muhogo mchungu? Ni wa asili kuliko chochote kilichomo kwenye chupa ile. Mama yangu anaumenya, anauloweka siku tatu, anauanika, ndipo unasagwa. Ukiupika mbichi unaweza kuua. Hakuna aliyewahi kumwambia mama kwamba muhogo mchungu hauna madhara kwa sababu ni mmea tu, na angeambiwa angecheka. Hata ginko, majani ndiyo yanayouzwa. Mbegu zake ukila nyingi zinaweza kukutia degedege.

Lakini mtoto wake alipomletea chupa kutoka Dar es Salaam na kusema ni majani tu, aliamini. Mizizi ya shambani mama anaijua kwa macho na pua. Chupa hakuijua, alinijua mimi.

Shangazi yangu alikuwa kwenye foleni ya Babu wa Loliondo mwaka 2011, siku nne ndani ya gari kwa kikombe cha dawa yake ya mti cha shilingi 500. Nilikuwa kijana, nilimsema sana. Juzi nilimpigia simu, nikamwambia tu kwamba namkumbuka. Hakuelewa kwa nini, na nilishindwa kumweleza.

Simu za saa mbili usiku

Kwa miezi ile mitano nilikuwa nampigia mama kila siku saa mbili usiku kumuuliza kama amemeza.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Unaonaje?"

"Naona nafuu, mwanangu. Kichwa kimekuwa chepesi."

Ndiyo iliyonifanya ninunue ya pili, kisha ya tatu. Na baada ya hapo tunaongea: mvua, bei ya nazi, nani kafiwa. Kabla ya vidonge nilikuwa nampigia Jumapili, tena si kila Jumapili.

Usiku mmoja baada ya kliniki nilimuuliza moja kwa moja. Zile zilikuwa zinakusaidia kweli?

Akakaa kimya, nikadhani laini imekatika.

"Zilikuwa zinaniletea kiungulia," akasema. "Ila ulikuwa unauliza kwa sauti ile. Nikaona nikisema hazisaidii, utakwenda kununua kali zaidi."

"Mama!"

"Na umeshatoa pesa nyingi."

Kisha akaniambia jambo lililonisimamisha. Chupa ya tatu aliigawa. Nusu alimpa jirani yetu ambaye naye husahau. Jirani huyo ana ugonjwa wa moyo na anakunywa dawa sizijui. Nilikata simu, nikampigia mdogo wangu akavichukue usiku ule ule. Alivikuta ndani ya kikombe cha udongo, juu ya kabati, jirani amekwisha kumeza vinne. Hakupatwa na kitu. Mimi ndiye nilikaa macho mpaka alfajiri.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya usiku huo. Nimekuwa nikisoma maonyo kuhusu vidonge hivi, na yote yanazungumza juu ya mwili: damu, ini, tumbo. Ni kweli, na yasemwe. Lakini kilichotupata sisi ni kwamba mama alianza kunificha hali yake kwa ajili yangu, mimi nikamficha daktari bila kujua, na ugonjwa wenyewe ukakaa katikati yetu miezi mitano haujaguswa. Kama mzazi wako ameanza kusahau na una elfu sitini na tano mfukoni, nakuomba, ipeleke kwanza kwenye kipimo cha damu. Na ukusanye vile vidonge vyake vyote, uvione.

Ijumaa iliyopita

Majibu ya B12 yalikuja chini ya kiwango. Amekwisha kuchomwa sindano kadhaa. Piriton ameacha kidogo kidogo, na usingizi umekuwa vita. Sasa anakaa na mdogo wangu barazani mpaka saa tano ndipo anaingia. Ganzi imepungua mguu mmoja. Madoa yalififia, kisha likatokea jipya juu ya kifundo, dogo, na aspirini bado anameza, kwa hiyo sijui niseme nini. Masikio yake yanapimwa mwezi ujao, maana daktari aligundua kwamba sehemu ya maswali anayorudia ni yale ambayo hakuyasikia jibu lake mara ya kwanza.

Bado anasahau. Juzi aliniita kwa jina la dada yake marehemu, akajirekebisha mwenyewe. Lakini wiki iliyopita alikuja mteja, na mdogo wangu anasema mama alimtajia doti, mwezi, na jina la kanga. Daktari amesema tusifurahi mapema wala tusikate tamaa mapema. Atampa tena njiti baada ya miezi sita.

Ijumaa tulikwenda kliniki. Mfuko sikuubeba mimi. Mama aliubeba mwenyewe, akaumwaga mezani mwenyewe, akapanga vitu vyake kama anapanga kanga: vya hospitali huku, vya shambani kule. Daktari akauliza, "Ni hivi tu, mama?"

Mama akanitazama kidogo. Akashika pindo la kanga yake, akafungua fundo, akatoa karatasi iliyokunjwa ndogo kama ya tumbaku. Ndani yake kulikuwa na unga wa kijani.

"Hii kanipa jirani," akasema, "badala ya vile vidonge vyake mlivyomnyang'anya. Ni majani tu. Lakini ulisema kila kitu."

Daktari akaifungua karatasi taratibu usije ukamwagika, akainusa, akavuta faili karibu.

"Haya, mama," akasema. "Jirani anauitaje?"